Kutoa ni Ibada, Kugawa ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kila Ijumaa kisanduku cha sadaka hupita baina ya safu, na kila mmoja wetu hutia kile alichojaaliwa. Mwezi wa Ramadhani unapoingia, wenye uwezo hupiga hesabu ya zaka ya mali zao na kuikabidhi kwa kamati ya msikiti au kwa mfuko wa misaada wa mtaani. Aliyetoa huondoka na moyo mweupe, akijua kuwa ametimiza wajibu wake mbele ya Mola wake. Lakini lipo swali ambalo wengi wetu hatuliulizi. Fedha ile ikishafika mezani, nani anakaa kuigawa, na anaigawa kwa mizani gani?

Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa wajumbe wa kamati ya mfuko mmoja wa misaada, ambao hatutautaja jina. Mfuko ulikuwa umekusanya zaka na sadaka za Ramadhani, na maombi ya ruzuku yakaja kwa wingi. Ombi moja lilikuwa limepigwa chapa vizuri, lina mhuri na picha za rangi, na aliyelileta alikuwa akifahamika sana kwa wajumbe wawili wa kamati. Ombi jingine lilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya risasi na mtoto kwa niaba ya mlezi wake, mjane aliyekuwa akilea mayatima sita katika vyumba viwili vya kupanga. Hakuna mjumbe aliyekwenda kumwona. Kikao hakikufika hata saa moja. Ombi la picha za rangi likapita, na karatasi ya daftari ikabaki kwenye faili.

Tulipofika nyumbani kwa mama yule, mwezi wa Shawwal ulikuwa unakaribia kwisha. Watoto wanne walikuwa wamekwisha kugawanywa kwa jamaa. Mmoja wao, binti wa darasa la sita, alikuwa ameachishwa shule na kupelekwa mji mwingine kufanya kazi za ndani. Mama hakutulaumu. Alitukaribisha uji, akasema riziki hutolewa na Mwenyezi Mungu. Maneno yale yalituuma kuliko ambavyo lawama ingetuuma.

Ndugu msomaji, katika mfuko ule hakuna aliyeiba. Mahesabu yalikuwa sawasawa hadi shilingi ya mwisho, na stakabadhi zote zilikuwepo. Hata hivyo amana ilipotea, kwa sababu tuliokabidhiwa kugawa tulifanya uvivu na upendeleo. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo. Tumezoea kuwahimiza watu watoe, na ni vyema. Lakini kugawa kilichotolewa ni kazi nzito kama kutoa kwenyewe, na ina kanuni zake.

Mafungu yaliyotajwa na Mola

Mwenyezi Mungu (S.W.) hakuliacha jambo la kugawa zaka kwa matakwa ya watu. Katika Sura at-Tawba, aya ya 60, ameyataja mafungu manane: mafukara, masikini, wale wanaozitumikia zaka kwa kuzikusanya na kuzigawa, wanaotiwa nguvu nyoyo zao katika Uislamu, kuwakomboa walio utumwani, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekatikiwa na njia. Tuutazame mpango huo kwa makini. Mafukara na masikini wametangulia. Watendaji wana haki yao, kwa maana kazi ya kukusanya na kugawa ina gharama na hairuhusiwi kudharauliwa. Lakini wametajwa baada ya mhitaji, si kabla yake. Mfuko ambao ofisi yake inakula kwanza, na kumwachia yatima kinachobaki, umeupindua utaratibu huo.

Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen, alimwagiza kuwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wa watu wale na irudishwe kwa mafukara wao. Wanazuoni wengi wamechukua hapo hoja kwamba wahitaji wa mahali ilipotoka mali wana haki ya kutangulia. Ndiyo maana mfuko wa mtaani una nafasi yake. Watu wa mtaa ndio wanaojua ni mlango gani haujafuka moshi wa jikoni tangu jana.

Zaidi ya hayo, Qur'ani katika Sura al-Baqara, aya ya 273, inatuelekeza kwa wahitaji ambao staha yao inaficha njaa yao. Watu wa namna hiyo hawaji ofisini, na hawajui kuandika barua yenye mhuri. Kamati inayokaa mezani ikisubiri maombi itawahudumia hodari wa kuomba na kuwakosa hodari wa kusubiri. Mama yule wa mayatima sita alikuwa amejitahidi kupita wengi wa mfano wake, maana yeye angalau alituma karatasi.

Zawadi ya mtumishi wa zaka

Kuna kisa kilichopokewa na Maimamu Bukhari na Muslim ambacho kila mjumbe wa kamati anapaswa kukijua. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akaeleza kuwa hili ni lenu na hili nimepewa mimi kama zawadi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari akakemea jambo hilo hadharani, akihoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo iwapo angebaki nyumbani kwa wazazi wake.

Funzo lake ni zito. Kinachomfikia mtu kwa sababu ya kiti alichokalia si chake. Na kiti cha kugawa ruzuku huleta mengi zaidi ya zawadi za mkononi. Huleta mialiko, heshima, na shukrani za ndugu na marafiki. Mjumbe anayepitisha ombi la shemeji yake huenda asipokee hata senti moja, lakini amekwisha kupokea. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe hii: mwenye udugu, urafiki au maslahi na ombi lolote aseme mapema, kisha atoke nje ya kikao mpaka ombi hilo liamuliwe, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu. Si kumdhania vibaya. Ni kumlinda yeye na kulilinda jina la Uislamu.

Masharti kabla ya kugawa

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipopata ardhi yenye thamani kubwa huko Khaybar, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Umar akaweka masharti yanayoeleweka: ardhi isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi. Mazao yake yaende kwa mafukara, jamaa, kukomboa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, msafiri na mgeni. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wastani bila ya kujilimbikizia. Na imepokewa kwamba aliuacha usimamizi wake mikononi mwa binti yake, Bibi Hafsa (R.A.). Wale wanaodhani kamati za misaada ni za wanaume peke yao na walitafakari hilo, hasa kwa kuwa wanawake ndio huujua undani wa nyumba zenye shida.

Jambo la kulishika hapa ni kwamba masharti yaliwekwa kabla ya mavuno. Vivyo hivyo mfuko wa mtaani unapaswa kuandika vigezo vyake kabla ya kufungua ombi hata moja. Ukisubiri uone majina ndipo upange vigezo, vigezo vitafuata majina.

Ni lazima pia mifuko isichanganywe. Zaka ina watu wake waliotajwa, na wanazuoni walio wengi hawaruhusu ijengee misikiti. Zakatul-fitri ina wakati wake, nao ni kabla ya sala ya Idi. Wakfu hufuata sharti la aliyeuweka. Sadaka ya kawaida ndiyo yenye uwanja mpana, na inaweza kumfikia hata jirani asiye Mwislamu, au kuchimba kisima cha watu wote. Kamati inayotia vyote katika akaunti moja na daftari moja haitaweza kujua ilicholipa ni cha nani. Huku kwetu jambo la usimamizi wa wakfu si geni. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya ina tume yake ya wakfu. Mfuko mdogo wa mtaa hauhitaji ukubwa huo. Unahitaji madaftari manne na mtu mwaminifu anayeyaandika.

Kidogo kidogo kwa kila mtu

Yapo maradhi mengine ya kamati zetu, nayo ni kutaka kumridhisha kila mtu. Tuchukue mfano. Mfuko una shilingi milioni 12, na maombi ni 40. Wajumbe, kwa kuogopa maneno, wanagawa sawasawa, shilingi 300,000 kwa kila mwombaji. Wote wanapata na wote wananyamaza. Lakini kikundi kinachowahudumia wazee wagonjwa majumbani kilihitaji milioni 2 ili kiendelee mwaka mzima. Kwa 300,000 kitanunua glavu na dawa za vidonda, na baada ya muda mfupi kitafunga mlango. Fedha imetumika na mzee amebaki pale pale alipokuwa.

Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba aliagiza anayetoa ampe mtu kiasi cha kumtosheleza. Ni kweli kwamba Imamu Shafi, ambaye wengi wetu katika pwani hii tunafuata madhehebu yake, ameona zaka igawiwe kwa mafungu yote yanayopatikana, na Maimamu wengine wameruhusu fungu moja litosheke. Tofauti hiyo waachiwe wanazuoni. Lakini hakuna katika wao aliyesema kuwa lengo la zaka ni kununua ukimya wa waombaji. Haki si kutoa sawasawa. Haki ni kumpa kila mmoja kwa kadiri ya haja yake na ya uwezo wa mfuko, na kuwa na ujasiri wa kumwambia mwingine kuwa mwaka huu hatukuweza.

Na yapo maradhi mabaya zaidi ya hayo, nayo ni kugawa bila ya mpango wowote. Mwezi wa Septemba 2008, mjini Pasuruan nchini Indonesia, wanawake 21 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa walipokuwa wakigombea zaka iliyogawiwa nyumbani kwa tajiri mmoja. Mwezi wa Aprili 2023, mjini Sanaa, Yemen, katika siku za mwisho za Ramadhani, watu wasiopungua 78 walipoteza maisha katika msongamano wa kupokea msaada wa fedha kutoka kwa wafanyabiashara. Hatuwahukumu waliotoa, na nia zao anazijua Mwenyezi Mungu. Lakini tunasema waziwazi kwamba nia njema haiwi kinga ya utaratibu mbovu. Nasi pia tuna foleni zetu za Ramadhani, ambapo mama mwenye mtoto mgongoni husimama juani tangu alfajiri ili apewe noti moja mbele ya macho ya watu.

Tujifunze na kwa wengine

Hekima haina kabila, na Mwislamu huichukua popote aionapo. Mwaka 1913 watu wa mji wa Cleveland, Marekani, waliamua kukusanya michango ya mji wao katika hazina moja badala ya kila taasisi kupiga hodi peke yake. Mtindo huo ulienea katika miji mingi, na jumuiya zilizotokana nao zikaja kujulikana kwa jina la United Way. Katika nyingi ya jumuiya hizo, raia wa kawaida wanaojitolea hukaa katika majopo. Husoma maombi ya vituo vya watoto, wazee na wagonjwa, huvitembelea, hukagua mahesabu yao, kisha hupendekeza kila huduma ipewe kiasi gani. Mwaka unaofuata kila aliyepokea hueleza alichokifanya.

Lakini jumuiya hiyo hiyo inatupa funzo la pili. Mwaka 1992 mkuu wa makao yake ya taifa alilazimika kujiuzulu baada ya kufichuka kwa matumizi ya anasa kwa fedha za jumuiya, na mwaka 1995 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 7 kwa ulaghai. Matawi ya mijini, ambayo hayakuwa na hatia, yaliumia pamoja naye, kwa kuwa wachangiaji wengi walivunjika moyo. Imani ya watu hujengwa kwa miaka mingi na kubomolewa na mtu mmoja. Na inapobomoka, anayelala na njaa ni mhitaji, si mwizi.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache ambayo mtaa wowote unaweza kuyatekeleza.

Kwanza, mfuko utangaze baada ya sala na katika ubao wa matangazo kiasi kilichopo, huduma zinazokusudiwa na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Fomu isizidi ukurasa mmoja, na asiyejua kuandika asaidiwe kuijaza bila ya kudhalilishwa.

Pili, wajumbe wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, wamtembelee kila mwombaji kabla ya kikao. Waende bila ya kamera, wala wasimpange yatima mstari apigwe picha. Watazame jiko, watazame vitanda, waulize majirani kwa adabu.

Tatu, ruzuku kubwa itolewe kwa awamu, na awamu ya pili ifuate maelezo ya ile ya kwanza. Anayelea watoto aeleze wangapi wanakula na wangapi wako shuleni. Hilo ni jambo analolijua, na halihitaji msomi wa kuliandika.

Nne, sehemu ya mfuko iwekwe akiba kwa ajili ya dharura, kama moto, mafuriko na maradhi ya ghafla, kwani hayo hayasubiri kikao.

Tano, aliyekataliwa apewe jibu na sababu. Kumwacha mtu akisubiri jibu lisilokuja ni aina ya dhulma.

Sita, mahesabu yasomwe mbele ya watu kila mwaka: kilichoingia, kilichotoka, na kilichofanyika kwa kilichotoka.

Wapo watakaosema kwamba sadaka bora ni ya siri, na kwamba makaratasi haya yataondoa baraka. Tunawajibu kwa heshima. Siri ni pambo la mtu anayetoa mali yake mwenyewe, na ni sitara ya anayepokea. Majina ya masikini yasitajwe kamwe. Lakini kamati haigawi mali yake, inagawa mali ya wengine iliyowekwa mikononi mwake, na mwenye kushika amana hana haki ya kuifanya siri mbele ya walioiweka. Mola aliyetuamrisha katika Sura al-Baqara, aya ya 282, tuandike madeni baina yetu, hakuona kalamu kuwa adui wa baraka.

Wengine watasema wazee wetu ni waaminifu, na kuwauliza mahesabu ni kuwavunjia adabu. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao waaminifu, na mmesikia tulichokifanya. Laiti mzee mmoja pale msikitini angesimama akatuuliza kama tumefika kwa kila mwombaji, tungeona haya, tungekwenda, na huenda yule binti angemaliza darasa la saba pamoja na wenzake. Kuuliza kwa adabu ni kumsaidia ndugu yako abebe mzigo alioukubali.

Kwa hiyo, enyi akina baba na akina mama, mnapowafundisha watoto wenu kutia sarafu katika kisanduku, wafundisheni pia kuuliza sarafu ile imefika wapi. Nanyi wajumbe wa kamati, kabla ya kikao kijacho, fungueni lile faili la maombi yaliyobaki. Huenda ndani yake mna karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atusamehe tulipokosea, azikubali sadaka za wanaotoa, awape uadilifu wanaogawa, na awasitiri mayatima na wajane wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.